Siku 124 za kunguru

Huku Pennsylvania, jimbo la Marekani, kunguru hupigwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Jumatatu asubuhi akitua juu ya uzio uleule, mbele ya mwindaji yuleyule, anakuwa ndege anayelindwa na mkataba wa nchi mbili, na kumpiga ni kosa la serikali kuu linaloweza kumfunga mtu miezi sita na kumtoza faini ya hadi dola 15,000. Ikifika Ijumaa mlango unafunguliwa tena, na hakuna idadi iliyowekwa. Uue mmoja au uue mia, hakuna wa kukuuliza.

Jamaa aliyenieleza haya ni mwenzangu kazini, Mmarekani aliyekulia shambani, na nilidhani ananifanyia mzaha. Mimi ni mtoto wa Mombasa. Kwetu kunguru hana Jumatatu wala Ijumaa. Kurabu, wale weusi wenye shingo ya kijivu, waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili wale taka za mji, wakaonekana Mombasa mwaka 1947, na tangu hapo wamekuwa wenye mji. Wananyakua vifaranga uani, wanabomoa viota vya chozi na shomoro, wanachukua mkate mkononi mwa mtoto anayetoka dukani. Hata madrasa tulifundishwa ile hadithi ya wanyama watano wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya eneo takatifu la Makka, na kunguru yumo, pamoja na mwewe, nge, panya na mbwa mwenye kichaa. (Katika riwaya moja anatajwa kunguru mwenye mabaka, jambo lililonifanya utotoni nimwonee huruma yule kunguru wetu wa asili mwenye kifua cheupe, ambaye kwa kweli hana hatia kubwa.) Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba kumpiga kunguru kunahitaji leseni, kozi, kalenda na aina fulani ya risasi, nilitaka kujua nani aliketi chini akayaandika hayo, na kwa nini.

Basi nikasoma. Niliyoyakuta si sheria ya ndege peke yake. Ni sheria inayomtazama mwenye bunduki kabla ya kumtazama kunguru: wewe ni nani, na unamuua kwa sababu gani? Jibu lako ndilo linaloamua utapewa kibali gani, na hata ndani ya ganda la risasi utaweka madini gani.

Tuanze na hizo siku. Mwaka 1916 Marekani na Uingereza, iliyotia saini kwa niaba ya Kanada, zilikubaliana kulinda ndege wanaohama. Miaka miwili baadaye, 1918, ikatungwa sheria ya kuutekeleza mkataba ule. Kunguru aliachwa nje kwa makusudi. Wakati huo alihesabiwa kuwa adui wa mkulima, na majimbo mbalimbali yalikuwa yakilipa watu kwa kila kichwa cha kunguru kinacholetwa. Ilifika mahali watu wakaacha bunduki wakachukua baruti. Mwaka 1940, karibu na Rockford katika jimbo la Illinois, miti waliyolala kunguru ilitegwa baruti ikalipuliwa usiku, na waliokufa wanatajwa kuwa zaidi ya 300,000. Hakuna aliyeshtakiwa, maana hapakuwa na sheria iliyovunjwa.

Kilichombadilishia kunguru hali yake ni Mexico. Nchi hiyo na Marekani zilikuwa na mkataba wao wa ndege tangu 1936, na tarehe 10 Machi 1972 waliuongezea familia nyingi za ndege: tai, mwewe, bundi, na humo humo familia ya kunguru. Nina hakika wengi waliofurahia siku ile walikuwa wakiwafikiria tai, ndege aliye kwenye nembo ya taifa. Kunguru aliingia kwa mlango uliofunguliwa kwa ajili ya wakubwa.

Sasa serikali kuu ikawa na tatizo. Ndege aliyezoea kuuawa kwa baruti amekuwa wa kulindwa, na wakulima na wawindaji hawatanyamaza. Suluhisho likawa kanuni fupi mno, ambayo bado inatumika. Majimbo yanaruhusiwa kuweka msimu wa kuwinda kunguru, ila msimu usizidi siku 124 kwa mwaka, usiangukie kilele cha wakati wa kutaga na kulea makinda, na kunguru wasiwindwe kutoka kwenye ndege ya angani. Zana ni tatu tu: bunduki, upinde na mshale, au mwewe aliyefunzwa. Hawaii haimo kabisa, kwa sababu kunguru wa huko, anayeitwa ʻalalā, alikuwa akielekea kutoweka, na kweli mwaka 2002 wale wa mwisho waliobaki porini walitoweka. Nilicheka kidogo kwenye hilo katazo la ndege ya angani, kisha nikaacha kucheka. Hakuna anayeandika katazo la namna hiyo kabla mtu hajajaribu.

Siku 124 ni kama miezi minne. Jimbo likiziweka mfululizo, msimu unaisha mapema na mkulima anabaki na kunguru wake. Ndipo ujanja wa Pennsylvania ulipozaliwa: msimu unaanza mwanzoni mwa Julai na kufika karibu katikati ya Aprili, lakini ni siku tatu tu za kila wiki. Zidisha, utaona zinaingia kwenye 124 na kubaki nafasi ndogo sana. Jirani zao New York wanaanza Septemba hadi mwisho wa Machi, kwa hiyo wanaweza kumudu siku nne za wiki, Ijumaa hadi Jumatatu. Kunguru akivuka mpaka wa majimbo hayo mawili siku ya Jumatatu ya Oktoba anabadilika hadhi akiwa hewani. Jumapili nayo ina hadithi yake. Kwa zaidi ya karne moja Pennsylvania ilikataza uwindaji siku hiyo kwa heshima ya ibada, isipokuwa kwa wachache wasiohesabiwa heshima: mbweha, koyote na kunguru. Paa alipumzika Jumapili, kunguru hakupumzika. Mwaka 2019 wawindaji wakaongezewa Jumapili tatu, na mwaka 2025 katazo lenyewe likafutwa.

Hadhi hiyo ya nusu kwa nusu inaonekana pia kwenye vifaa. Kwa bata, kanuni za serikali kuu zinakataza kabisa kutumia sauti iliyorekodiwa ili kuwaita. Kwa kunguru, Pennsylvania inaruhusu spika. Unaiweka kichakani, unacheza kelele za kunguru wanaogombana na bundi, na kundi zima linakuja kuangalia ugomvi. Anayejua tabia zao anaelewa kwa nini wanakuja. Hawa kunguru wa Marekani huishi kwa ukoo. Vijana wa mwaka jana hubaki kuwasaidia wazazi kulea wadogo zao, na mmoja akiomba msaada hawaulizani. Tangu 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, wakiongozwa na John Marzluff, walikuwa wakiwakamata kunguru huku wamevaa kinyago, na ndege wale waliendelea kukizomea kinyago hicho kwa miaka mingi, hata wale ambao hawakuwahi kukamatwa. Mwenzangu kazini anasema hawezi kuwinda mahali pamoja mara mbili mfululizo. Sheria haikumkataza, kunguru wenyewe wamemkataza.

Jambo jingine ambalo leseni inadai bila kuliandika kwa herufi kubwa ni kumjua unayempiga. Kuna kunguru wa kawaida, na kuna yule mkubwa wa milimani, mwenye ndevu za manyoya shingoni na mkia uliochongoka kama kabari akiruka. Yule mkubwa haguswi siku yoyote ya wiki. Kwa mbali, asubuhi ya ukungu, wote ni weusi. Kinachowatofautisha upesi ni sauti. Mkubwa ana sauti nzito ya kukoroma. Kozi ya uwindaji inagusia haya, ila kwa haraka mno kwa maoni yangu.

Sasa kibali. Kwa raia au mkazi wa kudumu hapa Pennsylvania njia ni nyepesi. Kama hujawahi kuwa na leseni, unafanya kozi ya usalama ya uwindaji, unapata cheti, kisha unanunua leseni ya jimbo kwa kama dola 21. Ile stempu ya serikali kuu ya dola 25, ambayo kila mwindaji wa bata mwenye miaka 16 na zaidi lazima awe nayo, kunguru haidai. Risasi zenyewe unazinunua dukani ukiwa na umri wa miaka 18 kama ni za bunduki ndefu au za marisau, na muuzaji hapigi simu popote. New York ni hadithi nyingine: tangu 13 Septemba 2023 kila kasha la risasi linalonunuliwa dukani linapitia ukaguzi wa polisi wa jimbo, na mnunuzi analipa dola 2.50 kwa ukaguzi huo. Wawindaji wa huko wamelalamika sana. Mimi sioni ubaya wake, lakini mimi si mtu wa bunduki.

Kilichonitia ndani ya jambo hili ni binamu yangu. Yuko hapa kwa viza ya mwanafunzi, anasoma uhandisi, na alialikwa na wenzake wa darasani kwenda kuwinda kunguru wikendi.

“Kaka, hawa wanasema nije tu, bunduki zipo. Niende?”

“Ngoja kwanza,” nikamwambia. “Wao ni raia.”

“Si ni ya kuazima? Sinunui kitu.”

Hapo ndipo penye mtego ambao ningependa kila kijana wetu aliyeko huku kwa viza aujue. Sheria ya serikali kuu inamkataza mtu mwenye viza ya muda, ya masomo, ya kazi au ya kutembea, kuwa na bunduki au risasi mkononi mwake. Kushika tu kunatosha, hakuhitaji kuwa mali yako. Hata risasi moja mfukoni ni kosa linalojitegemea. Tangu 2022 adhabu yake imepandishwa kutoka miaka 10 hadi 15. Mkazi wa kudumu hayumo katika katazo hili, na mkimbizi aliyepokelewa rasmi hakuingia kwa viza hiyo. Ndugu zetu wengi Wakongo hapa mjini Lancaster wako upande huo wa mstari. Binamu yangu yuko upande wa pili.

Lakini sheria hiyohiyo imeacha tundu, na tundu lenyewe ni leseni ya uwindaji. Mwenye viza ya muda ambaye ana leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo lolote la Marekani anaondolewa kwenye katazo. Akitaka kununua bunduki, fomu namba 4473 inayojazwa dukani inamuuliza kuhusu viza, na leseni ile ndiyo inayomvusha. Fikiria hilo. Karatasi ya dola chache iliyokusudiwa kulinda sungura na bata mzinga wa mwitu ndiyo inayoamua kama mgeni huyu ni mwindaji au ni mhalifu.

Mwanafunzi mmoja kutoka Falme za Kiarabu, Hamid Rehaif, alijifunza upande mbaya wa jambo hili Florida. Alifukuzwa chuoni kwa alama mbaya, viza yake ikakosa msingi, naye akaenda kwenye uwanja wa kulenga shabaha, akakodi bunduki na kununua kasha la risasi. Alipatikana na hatia. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2019 ikaamuliwa kwamba upande wa mashtaka lazima uthibitishe mtu alijua kuwa yumo katika kundi lililokatazwa. Uamuzi ulimfaa kisheria, ila miaka yake ilikuwa imeshakwenda.

Na msidhani jambo la kumuuliza mgeni ni la leo. Pennsylvania hii hii mwaka 1909 ilitunga sheria iliyomkataza mkazi yeyote aliyezaliwa nje na ambaye hajapata uraia kuua ndege au mnyama yeyote wa porini, isipokuwa kujikinga, na ili katazo lishike, ikamnyima pia kumiliki bunduki ya marisau au raifo. Walengwa walikuwa Waitaliano wa migodini na kwenye reli, waliozoea kula ndege wadogo kama walivyokula kwao. Miaka mitatu kabla, mwaka 1906, mlinzi wa wanyamapori aitwaye Seely Houk alikuwa ameuawa karibu na Hillsville, magharibi ya jimbo, na mwili wake ukapatikana mtoni. Mhamiaji wa Kiitaliano akanyongwa kwa kosa hilo mwaka huohuo wa 1909. Mhamiaji mwingine, Patsone, alipinga sheria ile ya bunduki mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 1914 akashindwa. Hakimu Holmes aliandika uamuzi akikubali kwamba jimbo lina haki ya kuamua kuwa hatari kwa wanyama wake inatoka hasa kwa kundi fulani la watu. Sheria hiyo haipo tena. Nilipomsimulia binamu akaniuliza, “Kwa hiyo Mwitaliano alikuwa ndiyo sisi wa wakati ule?” Sikuwa na la kuongeza.

Haya, tuje kwenye risasi zenyewe, maana hapa ndipo nilipokuta kitu kilichonikosesha usingizi kwa sababu za kisomi kabisa.

Kunguru hupigwa zaidi kwa bunduki ya marisau. Ganda moja lina chembe nyingi ndogo za duara, na kwa karne nyingi chembe hizo zilikuwa za madini ya risasi, kwa sababu ni mazito, ni laini na ni rahisi. Taabu ni kwamba ni sumu. Chembe zikianguka ziwani, bata humeza akidhani ni mbegu au changarawe ya kusagia chakula, naye anakufa polepole. Ndiyo maana tangu 1991 Marekani nzima imekataza marisau ya madini hayo kwa uwindaji wa bata na bata bukini; wanatumia ya chuma, ya bismuthi au ya tungsteni. California ilikwenda mbali zaidi. Ili kumwokoa kondo, tai mzoga wao mkubwa aliyekaribia kutoweka, ilipitisha sheria mwaka 2013, na tangu 1 Julai 2019 haiwezekani kuwinda mnyama yeyote huko kwa risasi zenye madini hayo, kunguru akiwemo.

Kwingi kwingineko kunguru yuko katikati. Hatui sana majini, kwa hiyo katazo la bata halimhusu. Mwindaji wa Pennsylvania anaweza kutoka Jumamosi na kasha la marisau ya kawaida, akaangusha kunguru thelathini, akawaacha shambani. Na wengi huachwa, tuseme ukweli. Hakuna anayekula kunguru, wala mimi simlaumu mtu kwa hilo. Sasa nani anakuja kula? Tai. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa tai 1,210 kutoka majimbo 38, na karibu nusu yao walikuwa na dalili za kulishwa madini ya risasi kwa muda mrefu. Chanzo kikuu ni mizoga na matumbo ya wanyama waliopigwa, paa hasa. Sitasema kunguru ndio waliowaua tai hao. Lakini mzoga wenye chembe ndani yake ni mzoga wenye chembe ndani yake, na yule tai wa kwenye mkataba wa 1972, aliyemfungulia kunguru mlango, ndiye anayekuja kuuokota.

Ajabu niliyoikuta ni hii. Sheria inajua jambo hilo. Inalijua vizuri, kwa sababu imeliandika mahali pengine, kwa mtu mwingine. Huyo mtu ni mkulima.

Nje ya msimu, au siku ya Jumanne, mkulima akiwakuta kunguru wanang'oa mahindi machanga anaweza kuwapiga bila kuomba kibali cha serikali kuu, kwa agizo maalumu linalohusu ndege waharibifu: kunguru, aina fulani za ndege weusi wa makundi, na baadhi ya jamaa zao. Agizo hilo linataka ndege wawe wanaleta hasara kubwa kwenye mazao au chakula cha mifugo, au wanahatarisha afya au kuharibu majengo, au wanatishia wanyamapori walio hatarini kutoweka. Kila mwaka lazima ajaribu kwanza njia zisizoua: nyavu, vitambaa vya kupepea, mizinga ya gesi inayolipuka kwa sauti tu, sauti za kutisha. Akifikia kuua kwa bunduki, marisau au risasi yake isiwe na sumu, isipokuwa akitumia bunduki ya upepo au ile ndogo ya .22. Hauzi nyama wala manyoya. Ofisa akija shambani kukagua, hamzuii. Na ifikapo 31 Januari apeleke taarifa ya ndege aliowaua mwaka uliopita, wa aina gani, wangapi.

Weka watu hawa wawili pamoja. Mmoja anaokoa mahindi yake: kwanza apige kelele, kisha anunue risasi za bei, kisha aandike hesabu. Mwingine anajifurahisha: apige tu, kwa madini yoyote, na asiandike chochote. Kunguru ni yuleyule, shamba huenda likawa lilelile, na tai anayekuja baadaye hajui ganda lilinunuliwa kwa nia gani. Mantiki ipo, sikatai. Msimu wa uwindaji una mipaka ya kalenda, ilhali agizo la mkulima halina, kwa hiyo walitaka kulibana kwa njia nyingine. Lakini sumu haifuati kalenda. Kama ingekuwa juu yangu, kanuni ya marisau yasiyo na sumu ningeianza kwa yule wa Jumamosi, maana ndiye anayeacha mizoga mingi na ndiye aliye na uhuru wa kutokwenda.

Mkulima mmoja jirani na kazini kwetu ameamua kutotumia bunduki kabisa. Anasema fomu haimchoshi, kinachomchosha ni kwamba kunguru wakishajua gari lake wanahamia upande mwingine wa shamba na kumsubiri.

Mjomba wangu Mombasa hana subira ya mambo haya. Anafuga kuku Kisauni, na alipopata habari kwamba nasoma sheria za kunguru alinitumia ujumbe wa sauti mrefu.

“Mwanangu, huko Amerika si ndiko inakotengenezwa ile dawa? Nitumie chupa moja tu. Nitakulipa.”

Dawa aliyoikusudia ni Starlicide, ambayo kwenye makaratasi ya wataalamu inaitwa DRC-1339. Ilibuniwa Marekani kweli. Inaharibu figo za ndege wa jamii hii, wanakufa baada ya nusu siku au zaidi, na kwa kuwa inavunjika ndani ya mwili wao mapema, anayekula mzoga hapati madhara makubwa. Mwezi Juni 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuangamiza kurabu milioni moja wa Pwani kabla ya mwaka ule kuisha, na silaha yenyewe ikawa dawa hiyo, iliyoingizwa nchini kwa idhini ya Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuangamiza Wadudu. Shirika la A Rocha Kenya, lililoko Watamu, limekuwa likilishughulikia jambo hili kwa miaka.

“Mjomba, haiuzwi,” nikamjibu. “Hata mimi niliye hapa siwezi kuinunua.”

Na ndivyo ilivyo. Marekani dawa hiyo hushikwa na watumishi wa Wizara ya Kilimo waliofunzwa, au watu walio chini ya usimamizi wao wa moja kwa moja. Hapa Lancaster waliitumia katikati ya miaka ya 2000, pale makumi ya maelfu ya kunguru walipokuwa wakilala majira ya baridi kwenye miti iliyozunguka maduka makubwa ya Park City. Watu walikasirika kuona ndege wakianguka ovyo, wakaunda muungano wa kuwahamisha kunguru kwa taa na makelele badala ya kuwaua. Mji ambao ungeruhusu uwapige kwa bunduki Jumapili nje kidogo ya barabara kuu ulishindwa kuvumilia kuwaona wakifa kwa sumu mbele ya duka la viatu.

Mjomba hakukata tamaa. “Basi nitumie bunduki ya upepo. Hiyo si ya watoto?”

Kule Kenya bunduki hiyo si ya watoto. Sheria ya silaha, sura ya 114, inaihesabu bunduki ya upepo kuwa silaha, na anayeitaka anapitia kwenye leseni kama mwenye bastola. Uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku mwaka 1977, na kitu kama msimu wa kunguru hakipo. Kwa hiyo nyumbani hali ni kinyume cha huku: raia hana leseni ya kuomba wala kalenda ya kufuata, serikali ilipanga kuua milioni kwa mkupuo, na mwenye kuku amebaki na manati na kelele. Mwishowe nilimtumia pesa za nyavu. Ameezeka nazo banda lote, na malalamiko yake sasa ni juu ya mwewe.

Binamu naye alifanya kozi, akapata leseni yake mwezi wa Februari, akaenda na wenzake kabla msimu haujafungwa. Hakupiga kitu, anasema mikono iliganda. Ila alirudi na kasha la marisau lililobaki, akaliweka kabatini, na hapo ndipo nilipomwomba aitoe leseni tuisome pamoja. Mwaka wa leseni za Pennsylvania unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, haidhuru uliinunua lini. Maana yake, usiku wa 30 Juni ukipita bila leseni mpya, lile kasha halibadiliki chochote ila yeye anabadilika, kutoka mwindaji mwenye kibali hadi mwenye viza aliyekutwa na risasi. Mimi si wakili na nilimwambia amwone wa chuoni kwao. Alipotoka huko kasha alilipeleka kwa mwenzake aliye raia, na leseni mpya atainunua, akiitaka, kabla hajalichukua tena.